Kilwa Kisiwani: Walivyopokewa wageni wa jana, na tulivyopokewa sisi



Mtu anaporejea kutoka safarini, jambo la kwanza analoulizwa na jamaa zake ni kile alichokiona huko alikokwenda. Ni nadra kuulizwa alipokewa vipi na wenyeji, na ni nadra zaidi yeye mwenyewe kujiuliza alikuwa mgeni wa namna gani. Makala yetu ya Ijumaa ya leo inahusu maswali hayo mawili ya mwisho. Mji wenyewe ni Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, ambao kwa karne nyingi ulikuwa mlango wa biashara ya dhahabu ya Sofala na mmoja wa miji mashuhuri ya Waislamu katika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Nilikwenda huko pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Tuliondoka Dar es Salaam siku ya Alhamisi, kwa kuwa wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii hawamruhusu mtu aliyewajibikiwa na sala ya Ijumaa kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo iwapo safari yenyewe itamkosesha sala. Basi letu lilichelewa kuondoka kwa saa mbili, na watoto walikwisha kuchoka kabla hatujaanza mwendo. Tulivuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Wazee waliosafiri njia hiyo kabla ya daraja husimulia habari za kusubiri kivuko kwa masaa, na pengine kwa siku. Tulipofika Nangurukuru tuliiacha barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, tukashika njia ya kuelekea baharini, na jua lilipokuwa linazama tuliingia Kilwa Masoko. Hapo ndipo mahali pa kulala na pa kupata kibali cha serikali cha kutembelea magofu, na ng'ambo yake, baada ya mlango mwembamba wa bahari, ndiko kilipo kisiwa chenyewe.

Mgeni wa mwaka 1331

Kabla sijasimulia yaliyotukuta sisi, hapana budi nimtaje mgeni mashuhuri kuliko wote waliokanyaga kisiwa kile. Huyu ni Ibn Battuta, mwanachuoni aliyezaliwa Tangier, nchini Morocco, mwaka 1304. Aliondoka kwao akiwa kijana wa miaka 21 kwa nia ya kwenda kuhiji, na mguu ule ukampeleka hadi India na China. Mnamo mwaka 1331 alishuka kwa upepo wa kaskazi kutoka Aden, akapitia Zeila na Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa.

Habari za safari yake zina mengi kuhusu namna wageni walivyopokewa pwani hii. Kule Mogadishu, kila chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo wakiwa na sahani za chakula zilizofunikwa. Kila mmoja alimpa sahani yake mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Kuanzia hapo mgeni hakushukia ila katika nyumba ya mwenyeji wake. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu na si mfanyabiashara, alipokewa na kadhi. Mombasa aliwasifu watu kwa ucha Mungu wao, na akaeleza namna walivyoweka maji kwenye milango ya misikiti ili kila aingiaye aoshe miguu yake kwanza.

Kilwa aliihesabu katika miji mizuri na iliyojengwa vyema. Alisema nyumba zake ni za miti, jambo linalowashangaza wageni wa leo wanaokuta magofu ya mawe ya matumbawe na chokaa. Huenda wakati ule majengo ya mawe yalikuwa ni yale ya ibada na ya wakubwa, na watu wengi walikaa katika nyumba za miti na udongo, kama ilivyo desturi ya miji mingi ya pwani. Lakini sehemu kubwa ya simulizi yake haihusu majengo. Inamhusu Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa na watu Abu'l-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa wingi wa utoaji wake.

Anaeleza kuwa Ijumaa moja sultani alitoka msikitini kwa miguu kuelekea nyumbani kwake. Njiani akasimamishwa na fakiri mmoja kutoka Yemen, ambaye alimwomba zile nguo alizokuwa amevaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita yule fakiri akazichukue. Watu wakamshukuru sana sultani kwa unyenyekevu wake. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa fakiri, na baba yake aliposikia namna watu walivyoshukuru, akaamuru fakiri aongezewe na pembe za ndovu.

Hapa, ndugu msomaji, tuseme kweli wala tusifiche. Katika ukombozi ule, na katika nyongeza ile, walitolewa pia watumwa. Sifa za sultani zilikuwa sifa za kweli, lakini wale waliohamishwa kutoka mkono hadi mkono hawakuulizwa, wala majina yao hayakuandikwa. Anayeizuru Kilwa kwa ajili ya mazingatio awakumbuke na hao, kwani historia ya mji ule ni yao pia.

Ibn Battuta anamalizia kwa kutaja kuwa sultani yule alipofariki, alirithiwa na ndugu yake Dawud, aliyekuwa kinyume chake. Mwombaji alipofika kwake, alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni waliwekwa miezi kwa miezi, kisha wakapewa kidogo mno, hadi watu wakaacha kabisa kuujia mlango wake.

Yaliyotokea bandarini

Ijumaa ile tuliswali Kilwa Masoko. Tulipotoka msikitini niliwachukua mke wangu na watoto tukateremka pwani kutafuta chombo cha kutuvusha. Tulimkuta nahodha mmoja, kijana wa miaka thelathini hivi, anakung'uta maji katika mashua yake. Tulisalimiana vizuri, akataja nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na kutusubiri. Haikuwa nauli kubwa. Lakini mimi ni mtu wa mjini, na mtu wa mjini huona aibu kukubali bei ya kwanza. Nikamwambia kuwa yupo mwenzake aliyekwisha kutukubalia kwa nusu ya bei ile.

Hakukuwa na mwenzake yeyote. Nililitunga neno lile papo hapo, na maji ya udhu wa Ijumaa hayajakauka vizuri miguuni mwangu. Nahodha aliniangalia kidogo, akawaangalia watoto, akasema, "Haya, Mzee, pandeni." Binti yangu wa miaka 12, aliyekuwa amenishika mkono tangu msikitini, aliinua uso akanitazama. Hakusema kitu. Nami nilijifanya sikumwona.

Upepo ulikuwa mzuri, na baada ya muda mfupi tulishuka mbele ya Gereza, ile ngome inayoonekana tangu ukiwa baharini. Mahali hapo Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505, na jengo lililopo sasa kwa sehemu kubwa ni la zama za Waomani. Wareno nao walikuwa wageni wa Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na merikebu zake, akamlazimisha mtawala wa mji alipe kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitumiwa kutengenezea chombo cha ibada ya kanisa kilichokamilika mwaka 1506, na mpaka leo kinaonyeshwa katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Mwezi Julai mwaka 1505 alifika Francisco de Almeida na jeshi lake, mji ukavamiwa na kuporwa. Walidumu hapo miaka saba tu. Mwaka 1512 waliiacha ngome yao wakaondoka, lakini biashara ya mji ilikuwa imekwisha kupata jeraha kubwa.

Ndani ya Msikiti Mkuu

Aliyetutembeza kisiwani alikuwa mzee mmoja mwenyeji, mtaratibu wa maneno. Alitupeleka kwanza katika Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe, na ile ya kusini, kubwa zaidi, ni nyongeza iliyoanzishwa zama za huyo huyo Abu'l-Mawahib na kujengwa upya katika karne ya 15. Mihrabu inaelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa Kilwa. Baadhi ya kuba zingali zimesimama juu ya nguzo zake, na pengine paa limeanguka kabisa, mbingu inaonekana.

Kulikuwa na kundi la wageni wengine, vijana wa kwetu, Waislamu kwa majina yao tuliyoyasikia wakiitana. Mmoja wao aliegemeza mguu wake wenye kiatu ndani ya mihrabu ili apigwe picha. Mzee wetu hakupaza sauti. Alivua makubadhi yake, akaingia pekupeku hadi pale, akawaamkia kwa salamu, kisha akasimama kimya. Kijana akashusha mguu. Baadaye mke wangu alimwuliza mzee iwapo jengo lile bado linahesabiwa kuwa ni msikiti, hali hakuna adhana wala jamaa inayoswali humo.

"Mama," alisema mzee, "sisi huku tumesoma kwa Imamu Shafii. Msikiti ukishawekwa wakfu, haurudi kuwa mali ya mtu. Hata ukuta ukianguka, ardhi yake ni msikiti. Hauuzwi, wala haugeuzwi kitu kingine."

Na hiyo ndiyo kauli mashuhuri ya wanavyuoni wa madhehebu hayo, ambayo Ibn Battuta aliwakuta nayo watu wa Kilwa karne saba zilizopita. Tulivua viatu vyetu, tukaswali rakaa mbili kwenye sakafu ile, na mzee akatungojea.

Kutoka hapo alitupeleka hadi Husuni Kubwa, upande wa mashariki, juu ya genge linalotazama bahari. Ni kasri kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa zimeokotwa mbali sana na hapa. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mtu aliyesimama katika kasri lile tupu hukumbuka maneno ya Qur'ani katika Suratul Hajj, aya ya 45 na ya 46, zinazotaja visima vilivyoachwa na makasri yaliyoinuliwa ambayo wenyewe hawapo tena, kisha zikauliza kama watu hawatembei katika ardhi wakapata nyoyo za kuzingatia.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mawimbi yaliyokuwa yanakula ufuko na kuta zilizokuwa zinaporomoka. Kazi ya kuyakarabati ilifanyika, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Lakini bahari ni ile ile, na mvua ni ile ile, na kuta za chokaa hazichoki kudai matengenezo.

Chini ya paa la mama mtu mzima

Tulikuwa tungali Husuni Kubwa wingu lilipofunga na upepo ukageuka. Mvua ilitupata njiani. Tulipofika kijijini, nahodha wetu alikuwa amekwisha kuivuta mashua yake juu, akatuambia kwamba hathubutu kuwavusha watoto katika hali ile. Akatuongoza hadi nyumbani kwa mama yake.

Bibi yule alitukaribisha kana kwamba tulikuwa tunatarajiwa. Wanawake waliingia ndani, wakapewa kanga kavu. Mimi na wanangu wa kiume tulitandikiwa mkeka barazani. Ikaja mihogo iliyopikwa kwa nazi, samaki wa kuchoma, na chai ya mchaichai. Tulikwenda kuswali Alasiri katika msikiti wa kijiji, na tuliporudi tukakuta wanangu wamekatiwa madafu. Hakuna aliyetuuliza sisi ni nani, tuna cheo gani, wala tutalipa nini. Nilikaa pale barazani nikakumbuka wale vijana wa Mogadishu na sahani zao zilizofunikwa, na chakula kikawa kizito kooni mwangu.

Binti yangu alitoka ndani, akaketi karibu nami. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, yule mwenzake wa nusu bei yuko wapi?"

Ndugu msomaji, nimesikia hotuba nyingi juu ya ukweli. Sikumbuki iliyonipata kama swali lile.

Jua lilipokaribia kuzama, bahari ilitulia, nahodha akatuvusha. Tuliposhuka Masoko nilimtoa kando nikampa nauli yote aliyoitaja mwanzo, na zaidi yake. Nikamwambia kwamba nilimdanganya, kwamba hakukuwa na mtu mwingine.

Alicheka kwa upole. "Nilijua, Mzee. Mchana ule pwani palikuwa na mashua mbili tu, na ile nyingine ni ya mdogo wangu."

Nikamwuliza, basi kwa nini alikubali?

"Mlikuwa na watoto," akasema, "na mlitaka kwenda kuuona msikiti wa wazee wetu."

Alihesabu ile nusu tuliyopatana, akanirudishia iliyobaki. Nilimsihi sana. Akasema kuwa bei ilikwisha kukatwa na pande zote mbili zikaridhika, na yeye hawezi kuifungua upya baada ya kazi kwisha. Kama nina cha kutoa, kipo chuo cha watoto kijijini, misahafu yao imechakaa. Akasukuma mashua yake, akarudi kwa mama yake kabla giza halijaingia. Mimi nikabaki pale na fedha mkononi, binti yangu kando yangu. Nilimwambia kwamba nilikosea, na kwamba ameona mwenyewe nani kati yetu wawili alikuwa tajiri siku ile.

Adabu za mgeni

Wiki mbili baadaye misahafu ilipelekwa. Siitaji ili nisifiwe, kwa kuwa deni langu kwa nahodha yule halikulipwa kwa misahafu. Uongo ulikuwa kwake, na yeye alinisamehe bila malipo. Naitaja kwa sababu familia nyingi husoma ukurasa huu, na shule zinapofungwa wengi hufunga safari za kwenda Kilwa, Bagamoyo, Zanzibar au Lamu. Yapo mambo machache ambayo ningependa kuyajua kabla sijaondoka.

Kwanza, safari ni ibada kwa mwenye kuinuia. Aliyefunga safari ndefu ya halali ana ruhusa ya kupunguza na kujumuisha sala, kwa masharti yaliyotajwa katika vitabu vya fiq'hi. Asiiache ruhusa hiyo ikawa kisingizio cha kuacha sala yenyewe. Naye ajizidishie dua, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa dua ya msafiri haikataliwi.

Pili, magofu ya misikiti ni misikiti, na makaburi yaliyo karibu nayo ni ya watu waliokuwa wakisema shahada hii hii tunayoisema. Viatu, makelele, kuchonga majina ukutani na kuchukua vigae kuwa ukumbusho si tabia ya mgeni mwenye heshima. Watoto wafundishwe hayo nyumbani, kabla ya kupanda basi.

Tatu, wenyeji wa miji hii si sehemu ya magofu. Ni watu wenye riziki za kutafuta na watoto wa kusomesha. Kupatana bei ni halali, na biashara ina haki zake, lakini kumpunja mvuvi kwa neno la uongo, kisha kwenda kupiga picha mbele ya mihrabu, ni kukusanya mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Ibn Battuta aliiondoka Kilwa akarudi kaskazini kwa upepo wa kusi. Zilipita zaidi ya miaka 20 kabla habari za safari zake hazijaandikwa na Ibn Juzayy kule Fes, kazi iliyomalizika mwaka 1355. Katika miaka yote hiyo alikwisha kuona makasri ya Delhi na bandari za China. Hata hivyo alipofika kwenye Kilwa, alimkumbuka mtu aliyevua nguo zake kwa ajili ya maskini baada ya sala ya Ijumaa, akamkumbuka pia na yule aliyefunga mlango. Binti yangu naye atakuja kusimulia habari za Kilwa siku moja, Insha'Allah, kwa watoto wake. Namwomba Mwenyezi Mungu amjaalie asahau kidogo ya pale bandarini, na akumbuke sana ya pale barazani.

Wabillahi tawfiq.